Choo Kabla ya Hema: Afya ya Mazingira Baada ya Maafa, Kutoka Kagunga Hadi Tabora

Mada kwa maofisa afya, wajumbe wa kamati za maafa na watendaji wa kata, Tabora

1. Utangulizi



Tarehe 26 Desemba 2004 Bahari ya Hindi iliinuka karibu na Sumatra, na saa chache baadaye mawimbi yakafika Afrika Mashariki. Tanzania tulipoteza watu wasiopungua 10, wengi wao waogeleaji waliokwenda ufukweni kwa mapumziko ya sikukuu. Somalia ilipoteza watu karibu 300, wengi katika rasi ya Hafun. Tangu mwaka ule mafunzo mengi ya afya ya mazingira baada ya maafa yamelengwa pwani na visiwani. Sisi wa Tabora huhudhuria, tunasikiliza, kisha tunarudi nyumbani tukijua kwamba bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka hapa.

Mada niliyopewa inahusu changamoto za afya ya mazingira katika jamii ya kisiwani baada ya tsunami. Nimeomba ruhusa ya kuizungumza kwa kupitia kisiwa kimoja cha kwetu ambacho hakimo katika orodha ya visiwa. Kinaitwa Kagunga, kiko mkoani Kigoma, ambako ile njia ya misafara iliyoujenga mji huu wa Tabora ilifika Ziwa Tanganyika.

Hoja yangu ni hii. Maafa yanapowafungia watu mahali penye njia moja tu ya kutokea, wiki ya pili huamuliwa na mahali walipojisaidia usiku wa kwanza. Na siku watakapotoka, watatoka na walichokunywa. Kwa hiyo kituo cha njiani kimo ndani ya maafa hata kama hakikuloa tone. Tabora ni kituo cha njiani.

2. Kisiwa kwa macho ya bwana afya

Mwanajiografia atasema kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. Bwana afya anatazama mambo matatu: ardhi ya kuchimba ni kidogo, maji ya kunywa yako jirani na kinyesi, na mlango wa kutokea ni mmoja. Penye mambo hayo matatu pana kisiwa, hata pawe katikati ya bara.

Goma ya Julai 1994 ilikuwa kisiwa cha namna hiyo. Wakimbizi wa Rwanda kati ya laki tano na laki nane waliingia mashariki ya Kongo kwa siku chache tu. Ardhi yake ni mwamba wa volkano. Jembe na sururu viligonga jiwe. Vyoo havikuchimbika, na maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikuwa wamenusurika vita wakauawa na maji.

Visiwa vya bahari navyo vina ugumu wao. Maji matamu ya kisiwa kidogo huelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Wimbi likishatia chumvi visimani, mtu huona busara kuvuta maji yote ili kisima kisafike. Sri Lanka, baada ya tsunami, ilidhihirika kwamba kuvuta kupita kiasi huyapandisha maji ya chumvi kutoka chini, na kisima kikazidi kuharibika. Usafi unataka kujua ardhi ya mahali, na ujuzi huo hauletwi na ndege ya misaada. Lazima uwepo kabla.

3. Kagunga, Mei 2015

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi. Mbele kuna ziwa, nyuma kuna milima iliyosimama wima. Kufika ni kwa boti, au kwa miguu katika njia za milimani ambazo mgonjwa na mwenye mtoto mgongoni hawaziwezi.

Mwishoni mwa Aprili 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa mgombea wa muhula wa tatu, Warundi walianza kukimbia. Kufikia katikati ya Mei zaidi ya 50,000 walikuwa wamekusanyika kwenye ukanda ule mwembamba wa mchanga, katika kijiji ambacho vyoo na maji yake havikuwatosha hata wenyeji.

Hebu tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo silaha yetu. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinaruhusu, kwa siku za mwanzo, tundu moja la choo kwa watu 50. Kwa watu 50,000 ni matundu 1,000. Kiwango cha chini cha maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Hizo ni lita 750,000, sawa na ndoo 37,500 za lita 20 kila siku ya Mungu. Sasa tazama mlango. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa Kigoma kwa reli ikiwa vipande, ilichukua abiria wapatao 600 kwa safari, nao walipandishwa kwa mitumbwi kwa kuwa gati halikuwepo. Kwa meli hiyo peke yake, ikienda safari mbili kwa siku, watu 50,000 wangemalizika baada ya siku zaidi ya 40. Boti nyingine zilisaidia, lakini mlango ulibaki mwembamba.

Vimelea vya kipindupindu havisubiri siku 40. Kuanzia mtu anapovimeza hadi anapoanza kuhara ni saa chache hadi siku tano. Katikati ya Mei maabara ilithibitisha ugonjwa. Kufikia tarehe 22 Mei walikuwa wameugua watu wapatao 3,000, na waliokufa ni 31: wakimbizi 29 na wenyeji wawili. Siku mbaya wagonjwa wapya walikuwa kati ya 300 na 400.

Naomba tusiwapite haraka wale wenyeji wawili. Taarifa za maafa huwaweka mwisho wa sentensi. Walikuwa watu wa jamii iliyowapokea wageni. Huenda walikunywa maji ya ziwa lao kama walivyoyanywa tangu utotoni, na safari hii yakawaua. Mwenyeji anayepokea wageni naye ni mwathirika wa maafa, na mpango usiomhesabu una pengo tangu mwanzo.

Lililofanyika vizuri pia lisemwe. Watu walitolewa ufukweni hadi uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, kisha kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Vituo vya kutibu kipindupindu vilifunguliwa, maji yakatiwa dawa, na mwezi Juni ikaanza chanjo ya kumeza iliyowafikia watu zaidi ya laki moja kambini. Mlipuko ule ulizimwa. Kama si kazi ya wauguzi, maofisa afya na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, tungekuwa tunaitaja Kagunga kama tunavyoitaja Goma.

4. Ziwa linapokuja lenyewe

Maafa ya Kagunga yaliletwa na siasa. Lakini Ziwa Tanganyika lina mazoea yake ya kupanda na kushuka. Msafiri Stanley, aliporudi Ujiji, mwambaoni mwa ziwa hilo, mwaka 1876, aliandika kwamba miti mitatu aliyoiacha sokoni mwaka 1871 ilikuwa imesimama ndani ya maji, mbali na ukingo. Baadaye ziwa lilifumua njia yake ya kutokea kwenye Mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka. Kuanzia mwaka 2020 limepanda tena: limeingia bandarini Kigoma, limemeza nyumba za mwambaoni, na ng'ambo limefurika Gatumba karibu na Bujumbura.

Kipindi kile cha kupanda nilipita katika mialo ya Kigoma. Nataka niwaonyeshe choo kimoja. Kilikuwa cha shimo, sakafu ya zege, kuta za matofali ya kuchoma, mlango wa bati; choo ambacho mimi mwenyewe ningekipa alama nzuri katika ukaguzi. Mwenyewe alikijenga hatua thelathini hivi kutoka majini. Siku ile maji yalikuwa hatua saba kutoka mlangoni. Nilimulika tochi kwenye tundu. Kilichokuwa kina cha zaidi ya mita mbili kilikuwa kimesogea hadi kiganja kimoja chini ya sakafu, na juu yake uso wa maji ulikuwa ukitikisika taratibu, ukienda na kurudi kwa mwendo uleule wa mawimbi ya nje. Shimo lilikuwa limeungana na ziwa. Mwenye choo aliniambia kwamba hakikujazwa na watu wa nyumba yake; ziwa ndilo lililokuja kukijaza. Upande wa pili wa ukuta binti alikuwa akisuuza sufuria, na mbele kidogo dagaa walikuwa wameanikwa mchangani.

Hakuna wimbi lililopiga pale, wala jengo lililoanguka, wala king'ora kilicholia. Hata hivyo kilichotokea ndani ya shimo lile ndicho hutokea kisiwani baada ya tsunami: maji ya kunywa na kinyesi vimekutana chini ya ardhi, na juu ya ardhi kila kitu kinaonekana kizima.

5. Njia ya misafara na mwendo wa ugonjwa

Tabora ilikuzwa na njia. Kutoka Bagamoyo misafara ilitembea miezi hadi Unyanyembe, yaani hapa Tabora, ikapumzika, ikagawanyika: wengine Ujiji na Manyema, wengine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kila hatua yake. Waliobeba pembe na vitambaa walibeba na magonjwa. Ndui ilitembea na misafara mwaka hadi mwaka, na wagonjwa waliachwa kando ya njia.

Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Alifuatilia jinsi mlipuko uliofika Unguja Novemba 1869 ulivyopitia barani kwanza, kwa njia za biashara, hadi Pangani na kisiwani. Habari za mlipuko huo ziliingia na misafara hadi Manyema, ambako msafiri Livingstone aliziandika katika shajara yake. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi. Ndani ya miaka mitatu kisiwa kilipigwa na kipindupindu na tufani.

Zamani mwendo wa polepole ulikuwa kinga ya aina fulani. Msafara ukiingiwa na kipindupindu, mgonjwa alianguka siku mbili tatu mbele, porini. Leo kinga hiyo haipo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa karibu nyayo za wapagazi. Kati ya Kigoma na Tabora ni kilomita 400 hivi, usingizi wa usiku mmoja. Aliyekunywa maji machafu jana mwaloni anaweza kushuka Tabora asubuhi akiwa mzima kabisa, akanywa uji stendi, akapanda gari la Nzega au kuendelea na treni hadi Dar es Salaam, akaugulia huko. Wengi wa walioambukizwa hawaugui kabisa, au huhara kidogo tu, lakini kinyesi chao hubeba vimelea kwa siku moja hadi kumi. Tukumbuke na vyoo vya mabehewa ya zamani, ambavyo humwaga moja kwa moja relini.

Dunia imetupa somo kali kuhusu hili. Tetemeko la Januari 2010 liliiangusha Haiti, lakini kipindupindu hakikutoka kwenye kifusi. Kilifika Oktoba ya mwaka huo kupitia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, ambayo maji yake taka yaliingia katika tawi la Mto Artibonite. Waliougua walizidi laki nane na waliokufa walikaribia 10,000. Mfereji mmoja wa maji taka wa wageni waliokuja kwa nia ya kulinda watu uliishinda nchi nzima. Kwa upande mwingine, Aceh ya Sumatra, iliyopigwa na tsunami ya 2004 kuliko sehemu zote, mwaka 2005 haikupata mlipuko mkubwa wa kipindupindu, kwani maji safi na vyoo vilipewa kipaumbele mapema.

Nyumbani nako hatuna kinga. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikwenda na kipindupindu. Mwaka 1997 pekee nchi ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,200. Agosti 2015 ugonjwa ulilipuka Dar es Salaam, ukasambaa karibu mikoa yote na Zanzibar; hadi Aprili 2016 walikuwa wameugua zaidi ya 24,000 na kufariki zaidi ya 370.

6. Changamoto nne na kinachofaa kufanywa

Choo. Hema huonekana kwenye picha, choo hakionekani. Ndiyo maana hema hutangulia. Saa za kwanza, kabla shimo halijachimbwa, teueni eneo la kujisaidia mbali na maji na upande wa chini wa mteremko kutoka visima na makazi, lenye mifereji mifupi, majembe na udongo wa kufukia, na liwe na msimamizi. Penye maji ya juu kama mwaloni, jengeni choo kilichoinuliwa kwa mapipa au tofali. Kuchimba hapo ni kuchimba kisima cha kinyesi. Umbali wa mita 30 kutoka chanzo cha maji ni wa chini kabisa, nao upimwe kwa maji yatakapofika masika. Wanawake waulizwe kabla eneo halijachaguliwa, maana choo kisicho na mlango wala taa hakitatumika usiku hata kikiwa karibu.

Maji. Wakati mabomba hayajafika, njia ya haraka ni kutia klorini ndooni: mtu mmoja anasimama kwenye kila sehemu ya kuchotea, anatia kipimo cha dawa katika kila ndoo kabla haijabebwa. Baada ya nusu saa chukua maji kidogo kwenye kikopo cha kipimo, tia kidonge, tikisa. Maji yakibaki meupe, hayana ulinzi. Yakigeuka rangi ya waridi, linganisha na kadi; tunataka miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Nimewaona akina mama waliokataa dawa kwa sababu ya harufu wakiikubali walipokishika kikopo wao wenyewe na kuiona rangi ile. Maji yenye tope yachujwe au yatuamishwe kwanza, la sivyo dawa huishia kwenye tope.

Maiti. Baada ya tsunami, mafuriko au tetemeko, watu huogopa maiti kuliko choo. Hofu hiyo imewafanya wengi wazikwe haraka katika makaburi ya pamoja bila kutambuliwa. Aliyekufa kwa kugongwa au kuzama si chanzo cha mlipuko. Apewe muda wa kutambuliwa na kuzikwa kwa heshima ya dini yake. Aliyekufa kwa kipindupindu ni jambo jingine: aoshwe na waliofundishwa, kwa maji ya klorini, na chakula kisipikwe na walioosha.

Masoko na chakula. Maafa yakipiga, biashara haisimami. Mama ntilie, muuza maji ya baridi na muuza dagaa ndio watakaowalisha waliokimbia. Kuwafukuza ni kuwahamishia uchochoroni tusikowaona. Wapewe ndoo yenye koki, sabuni na maji yaliyotiwa dawa, na masharti yasiyo na simile: chakula cha moto, sahani iliyosuuzwa kwa maji safi.

7. Mapendekezo kwa Tabora

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Muundo upo. Ninaloomba ni tuujaze kwa mambo manne.

Kwanza, kila kamati ya wilaya iwe na ghala dogo la siku tatu za mwanzo: majembe, sururu, mapipa, klorini isiyopita muda, vipimo, ndoo zenye koki, sabuni na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Mahema yawe nyuma ya vitu hivi kwenye orodha.

Pili, stesheni ya reli na stendi za mabasi za Tabora, Kaliua na Urambo zitambuliwe kama vituo vya afya ya mazingira: vyoo vinavyofanya kazi usiku na mchana, maji yanayopimwa kila siku, na daftari la abiria wanaohara. Maji ya Ziwa Victoria yamefika mkoani. Kuyaongeza kwenye bwawa la Igombe na visima vyetu kumetupa nafasi ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Yafike kwanza kwenye milango ya mji.

Tatu, iwepo simu ya moja kwa moja kati ya maofisa afya wa Kigoma na wa Tabora. Ugonjwa ukionekana mwaloni jioni, habari zifike hapa kabla ya treni.

Nne, kila shule na kila kijiwe kijue kutengeneza maji ya uhai: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kupigwa bapa. Humfikisha mgonjwa kituoni akiwa hai.

8. Maswali kwa vikundi

Wakija watu 2,000 kwenye stesheni yetu usiku wa leo, watajisaidia wapi? Jibu litajwe kwa jina la mahali, si kwa jina la idara.

Ni choo gani katika kata yako kitakachoungana na maji masika yakizidi, na nani ana mamlaka ya kukifunga?

Nani katika kijiji chako hahesabiwi na mpango wa maafa kwa sababu ni mwenyeji?

9. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, miembe mikongwe ya mji huu inahusishwa na watu wa misafara waliopumzika chini yake. Waliacha kokwa zikaota kivuli tunachokikalia mpaka leo. Waliacha na ndui. Njia haichagui, hupitisha kilichopo. Kuchagua ni kazi ya walioko kituoni.

Nirudi kwenye choo kile cha mwaloni. Kabla ya kuondoka nilimwomba mwenye choo akifunge. Alinitazama, akauliza watu wa nyumba yake waende wapi. Sikuwa na jibu siku ile. Niliandika taarifa, nikapanda treni ya Tabora. Mada hii yote ni kujaribu kumjibu: mama yangu, kabla ya kukwambia ufunge, nilipaswa kuja na pipa, jembe na mtu wa kukusaidia kuchimba juu ya mteremko.